Kuacha Vidonge vya Wasiwasi Taratibu: Neno kwa Watu wa Kibiti na Delta

Aprili 13, 2017, askari polisi wanane waliviziwa na kuuawa eneo la Jaribu, wilayani Kibiti. Kabla na baada ya siku hiyo wenyeviti wa vijiji, viongozi wa vitongoji na watendaji waliuawa mmoja baada ya mwingine, wengine wakifuatwa hukohuko majumbani mwao. Bodaboda zikapigwa marufuku kutembea usiku. Novemba mwaka huohuo mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti mauaji hayo, akatoweka Kibiti. Watu wa Kibiti, Rufiji na Mkuranga wakazoea kulala na viatu miguuni. Miaka saba baadaye, Aprili 2024, Mto Rufiji ukafurika na kumeza mashamba ya mpunga na makazi ya watu, na mwezi uliofuata kikapita Kimbunga Hidaya. Anayeuliza kwa nini huku bondeni kuna watu wazima, wenye akili zao na kazi zao, ambao hawapati usingizi mpaka wameze kidonge, jibu lake liko kwenye miaka hiyo.

Ninaandika kwa ajili ya watu hao, na kwa ajili ya mume, mke, mtoto au jirani anayelala chumba cha pili akisikia mwenzake anavyogaragara kitandani. Kidonge chenyewe kwa kawaida ni diazepam, ambayo wengi bado tunaiita valiamu kwa jina la biashara ambalo ilianza kuuzwa nalo mwaka 1963. Mtu alipewa kwa siku chache, alale. Akalala. Siku chache zikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, na sasa anataka kuacha lakini kila akijaribu anarudi palepale. Anajiona dhaifu. Nyumbani wanamwambia ajikaze.

Mimi nasema kujikaza hakuna kazi hapa. Moyo wa kuacha dawa hizi hauji kwa kukemewa wala kwa maneno matamu. Unakuja pale mtu anapokuwa na mpango ambao mwili wake unauweza, vidonge vya kutosha vya kuutimiza, na mtu mmoja anayeujua mpango huo sawasawa na yeye. Hayo matatu yakiwepo, hata mwoga anafika. Yasipokuwepo, shujaa naye anaanguka.

Kwanza niwatenge wasiohusika. Kama unatumia diazepam au fenobabito kwa sababu ya kifafa, weka makala hii pembeni. Dawa yako ina kazi nyingine na haiguswi bila daktari anayekutibu kifafa. Kama una mimba au unanyonyesha, usipunguze na usiache kimyakimya, mweleze muuguzi wa kliniki ili mpango upangwe kwa ajili ya wawili. Na kama kidonge chako ni amitriptilini, ile inayotolewa sana kwenye zahanati zetu kwa usingizi na huzuni, ujue si ya jamii ya diazepam. Nayo haiachwi ghafla, lakini mwendo wake ni mwingine. Soma jina kwenye karatasi ya vidonge kabla hujafanya lolote. Ukiwa umepewa vidonge kwenye kibahasha kisicho na jina, rudi ulikovipata uulize.

Sasa tuje kwenye mwili. Ubongo una kemikali yake ya asili inayotuliza mishipa ya fahamu. Diazepam huiongezea nguvu kemikali hiyo, ndiyo maana muda mfupi baada ya kumeza mabega yanashuka na moyo unatulia. Ikitumika kila siku kwa wiki kadhaa, ubongo unazoea msaada huo na kupunguza utulivu wake wenyewe. Ukiondoa dawa ghafla, ubongo unabaki mtupu: mikono inatetemeka, jasho linakutoka, moyo unaenda mbio, mwanga na sauti vinakuumiza, usingizi unakatika, hofu inakuja kubwa kuliko ile iliyokupeleka hospitali mwanzoni. Kwa waliotumia dozi kubwa au muda mrefu, kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege na hata kifo. Kwa hiyo yule aliyeshindwa kuacha kwa mara moja hakushindwa kwa udhaifu wa imani. Mwili wake ulifanya kile ambacho mwili wa mtu yeyote ungefanya.

Kuna mtego mmoja hapa ambao nimewasikia wengi wakiuangukia. Diazepam hukaa mwilini muda mrefu, na mabaki yake huendelea kufanya kazi kwa siku nyingi. Mtu anaacha Jumatatu, Jumanne yuko sawa, Jumatano anaenda shamba, Alhamisi anawaambia watu kwamba mambo yamekwisha. Halafu baada ya siku kadhaa, pengine wiki nzima, tetemeko linamkuta mtoni au sokoni. Kwa kuwa alishajiona mzima, hawezi kulihusisha na vidonge. Anatafuta sababu nyingine, na huku kwetu sababu haziko mbali: kuna aliyemchezea, kuna jini limeamka, kuna deni la mizimu ya upande wa mama. Familia inauza kuku, inauza baiskeli, inahangaika usiku na mchana. Wakati huo wote jibu lilikuwa kwenye tarehe aliyomeza kidonge cha mwisho.

Siandiki haya kwa kuwadharau waganga wala masheikhe. Kisomo kinamtuliza mtu, na mgonjwa anayesomewa na watu wanaompenda hapotezi kitu. Ninachokataa ni sharti moja ambalo baadhi ya watabibu wa jadi hulitoa, kwamba dawa zote za hospitali ziachwe siku hiyohiyo ndipo tiba ianze. Kwa mtu wa diazepam sharti hilo ni hatari kwa maisha. Mwambie kwa heshima: "Babu, kisomo nakubali, lakini kidonge hiki napunguziwa na daktari kidogokidogo, siwezi kukikata leo." Mtabibu mwenye nia njema ataelewa. Asiyeelewa, muage.

Mwendo wenyewe ukoje? Profesa Heather Ashton, daktari wa Newcastle nchini Uingereza, aliendesha kliniki ya watu wanaoacha dawa za jamii hii tangu 1982 hadi 1994, na alichosisitiza ni kwamba kasi ya kupunguza aimiliki mgonjwa mwenyewe, daktari akimwongoza. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2025 na vyama kadhaa vya kitaaluma unaelekeza kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila baada ya wiki 2 hadi 4, na kutozidi asilimia 25 katika wiki 2. Tulete hesabu hiyo nyumbani. Tuseme mtu anameza vidonge viwili vya miligramu 5 kila usiku, yaani miligramu 10. Asilimia kumi ya hapo ni miligramu 1. Akiwa na vidonge vya miligramu 5 tu, robo ya kidonge ni miligramu 1.25, ambayo imezidi kidogo lakini mwanzoni watu wengi wanaiweza. Tatizo linakuja akishafika miligramu 5. Robo ileile sasa ni asilimia 25 ya dozi yake, na hapo ndipo wengi wanapovunjika wakidhani safari imewashinda, kumbe hatua zimekuwa ndefu bila wao kujua.

Kwa hiyo muulize daktari kama anaweza kukuandikia vidonge vya miligramu 2 kwa sehemu ya mwisho. Nusu yake ni miligramu 1, robo yake ni nusu miligramu, na ukiwa umebaki na miligramu 5 nusu miligramu ndiyo asilimia kumi yako. Kama hapo ulipo havipatikani, huenda vikapatikana kwenye famasi ya Ikwiriri, Kibiti mjini au Mbagala, na cheti cha daktari kitahitajika. Kata kwa wembe mpya juu ya kitu kigumu, kwenye mstari uliochorwa kidongeni. Kata vya siku chache tu kwa wakati mmoja, kwa sababu hewa ya chumvi na unyevu wa delta hukilainisha kidonge kilichokatwa mpaka kikawa unga. Kichupa kikavu chenye kifuniko kinachobana kinatosha. Weka mbali na watoto.

Fanya hesabu ya muda pia. Kutoka miligramu 10 kwa mwendo huo, usishangae kama itachukua karibu mwaka mzima. Najua inasikika kama adhabu. Lakini mtu ambaye amemeza kidonge tangu mafuriko ya 2024 hana sababu ya kukimbizana na wiki. Mwaka utapita tu, ama unapunguza ama hupunguzi.

Sasa jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilisemi na ambalo kwetu ndilo kubwa: vidonge kuisha. Mtu wa Mbwera, Kiongoroni au Maparoni anategemea boti, na boti inategemea maji na mafuta. Masika ikishika, njia ya kwenda bandari ya Nyamisati huweza kuwa tope. Mtu aliyepanga vizuri kabisa kupunguza robo anajikuta amekata dozi yote kwa sababu boti haikuja siku nne. Huko ndiko kuacha ghafla kwa bahati mbaya, na mwili haujui kama ilikuwa bahati mbaya. Nasema bila kusita kwamba kwa mtu wa visiwani, akiba ya vidonge ni sehemu ya kutiwa moyo kama yalivyo maneno ya ndugu zake. Anayejua kuna vya kutosha mpaka mwezi ujao analala vizuri zaidi hata kabla hajameza. Zungumza na mhudumu wako ili upewe vya hatua nzima pamoja na ziada ya wiki moja au mbili, na uvikabidhi kwa mtu unayemwamini kama unajihofia kwamba utavimeza vyote usiku mmoja mbaya.

Chagua pia wakati wa kuanza. Usianze hatua ya kwanza wakati mpunga unakomaa na inakupasa kulala dunguni kulinda shamba dhidi ya nguruwe na ndege. Usiku wa dunguni ni mrefu, uko peke yako, huna wa kumwita, na chini kuna maji yenye viboko na mamba. Siku za kwanza baada ya kupunguza mtu anaweza kupata kizunguzungu na macho kukosa utulivu. Huo si wakati wa kushuka mtoni kuoga au kuvuka na mtumbwi alfajiri peke yako. Wala usipande bodaboda kama dereva mpaka kichwa kimetulia. Ukishaanza na msimu ukakukuta katikati, si lazima uendelee kushuka. Simama kwenye dozi uliyofikia mpaka mavuno yaishe. Kusimama si kurudi nyuma, ni sehemu ya mpango, na daktari anayejua kazi yake atakwambia hivyohivyo.

Ramadhani nayo ipangiwe mapema. Anayemeza mara moja usiku hana shida kubwa, saa zake zinabaki usiku. Anayemeza asubuhi na jioni amuone daktari kabla ya mwezi kuandama ili dozi zihamishiwe futari na daku, badala ya kuamua mwenyewe kuruka ya asubuhi kwa siku thelathini. Na kama daktari atakwambia mwili wako hauwezi kufunga, zungumza na imamu wako. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa.

Nimefika kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni upweke. Mtu anayeacha pombe au unga watu wanamwona, wanamsema au wanamsaidia. Anayeacha diazepam anaacha kwa siri, kwa sababu anaogopa kuitwa kichaa au teja. Wala si teja. Hakuitafuta starehe, alitafuta usingizi baada ya jirani yake kuuawa au nyumba yake kusombwa na maji. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo mwaka 2013 kwamba watu wazima waliopatwa na tukio la kutisha wasipewe dawa za jamii hii kwa ajili ya msongo au kukosa usingizi katika mwezi wa kwanza, lakini kwenye zahanati yenye foleni mpaka nje, mhudumu mwenye huruma alitoa alichokuwa nacho. Lawama haziponyi mtu. Kinachoponya ni kuhakikisha haachi peke yake.

Chagua mtu mmoja. Asiwe msemaji sana, asiwe mwenye hofu kuliko wewe, na awe mtu mnayelala nyumba moja au anayeweza kufika usiku. Mweleze mambo matatu: dozi yako ya leo ni ipi, siku ya kupunguza tena ni lini, na dalili zipi zitakuja. Mwonyeshe daftari. Daftari la shule la kawaida linatosha. Kila asubuhi andika tarehe, ulichomeza, saa ulizolala, na kitu kimoja ulichofanya jana, hata kama ni kupara magamba ya samaki au kwenda msikitini. Baada ya miezi miwili daftari hilo litakuwa na nguvu kuliko maneno ya mtu yeyote, kwa sababu usiku mbaya una tabia ya kumwambia mtu kwamba siku zote zimekuwa hivyo, na daftari linasema sivyo.

Nitoe mfano wa namna ya kusema, maana wengi wanataka kusaidia ila hawajui waseme nini. Bibi amepunguza dozi Jumapili. Alhamisi saa tisa usiku anamwamsha mjukuu wake.

"Mjukuu wangu, moyo unanienda mbio. Nipe kile kipande tulichokiondoa."

Mjukuu anaweza kusema, "Bibi jikaze, wenzako wanaweza." Hilo ni jiwe juu ya kifua. Anaweza kusema, "Haya chukua," na bibi atalala, lakini kesho atajiona ameshindwa. Au anaweza kukaa kitandani pembeni yake na kusema, "Bibi, leo siku ya nne. Daktari alitwambia siku ya nne na ya tano zinaweza kuja hivi. Sikwambii uvumilie mpaka mwezi uishe, nakaa nawe hapa mpaka adhana. Tuvute pumzi pamoja." Kisha wavute kwa hesabu ya nne, watoe kwa hesabu ya sita, polepole, mara kumi au ishirini. Bibi ashike ukingo wa kitanda, ataje anachokisikia: jogoo wa jirani, upepo kwenye minazi, mjukuu anavyopumua. Katika usiku mwingi hofu itapanda, itafika kileleni, kisha itashuka bila kidonge cha ziada. Mvuvi wa Kiongoroni akikuta maji yamekupwa na mtumbwi umekaa kwenye tope, hauzi mtumbwi. Anakaa, anatengeneza wavu, kwa sababu anajua saa ya maji kujaa. Msaidizi mzuri ni yule anayejua saa hizo na kumkumbusha mgonjwa.

Kama hali hiyo ikirudi usiku wa tatu, wa nne mfululizo, na mtu hawezi kula wala kufanya kazi, msisubiri miujiza. Rudini kwa mhudumu wa afya. Anaweza kuwaambia msimame hapohapo kwa mwezi, au mrudi kwenye dozi iliyotangulia kisha mshuke kwa hatua ndogo zaidi. Kurudi hatua moja kwa mpango ni tofauti kabisa na kurudi duka la dawa kununua karatasi nzima.

Kuhusu usingizi wenyewe nina machache. Amka saa ileile kila siku hata kama umelala saa mbili tu. Mchana usilale, au lala kidogo sana. Ukikaa kitandani macho makavu kwa muda mrefu, toka, kaa ukumbini, urudi usingizi ukikujia. Kahawa ya jioni barazani ni nzuri kwa mazungumzo lakini kwa kipindi hiki inywe asubuhi, pamoja na chai nzito ya rangi na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya kwenye chupa ndogo. Kutembea au kulima mpaka jasho likutoke kunasaidia kuliko watu wanavyofikiri.

Pombe ni jambo la kusema kwa ukali kidogo. Mtu akipunguza kidonge na kujaza pengo kwa mnazi au gongo, hajapunguza kitu. Pombe inagusa sehemu ileile ya ubongo, na asubuhi inaacha wasiwasi mkubwa zaidi. Mbaya kuliko yote ni kuchanganya diazepam na pombe, au diazepam na tramadoli, vile vidonge vya maumivu ambavyo vijana wa kazi nzito wanavipenda. Mchanganyiko huo hupunguza kupumua, mtu analala na haamki. Familia ijue hilo.

Mkusanyiko wa watu nao ni dawa, ingawa si lazima uwaeleze kila kitu. Kama una kikoba chako, usiache kwenda kwa sababu ya aibu. Kama unaswali jamaa, endelea. Kama kuna mtu mwingine kijijini aliyewahi kuacha vidonge hivi, mtafute. Nusu saa ya kuzungumza na aliyepita njia hiyo inampa mtu moyo ambao daktari hawezi kuutoa, maana daktari hajawahi kulala usiku huo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kujua watu kama hao na kuwakutanisha kwa ridhaa yao. Ningependa sana kuona zahanati zetu zikifanya hivyo kwa utaratibu, kama zinavyofanya kwa wenye kisukari na wanaotumia dawa za kufubaza virusi.

Hofu ya awali itabaki ikisubiri, na lazima niseme hivyo kwa uwazi. Diazepam haikuiponya, iliifunika. Kadiri dozi inavyoshuka, kumbukumbu za 2017 au za maji yakiingia mlangoni zinaweza kurudi katika ndoto. Kuna matibabu ya hayo: kuzungumza na mtaalamu wa afya ya akili, na kwa wengine dawa zisizojenga utegemezi wa namna hii, kama fluoksetini, ambazo daktari anaweza kuzianza kabla ya kugusa diazepam. Ukiona ndoto zimerudi, usizitafsiri kama ishara kwamba hukupaswa kuacha. Ni ishara kwamba sasa tiba yenyewe inaweza kuanza.

Kuna dalili ambazo hazisubiri asubuhi. Degedege hata mara moja, kuchanganyikiwa mpaka mtu hajui alipo, kuona au kusikia visivyokuwepo, homa pamoja na tetemeko kali, au kusema anataka kufa. Hapo ni hospitali, Utete au Mchukwi au kituo chochote kilicho karibu, na kutoka huko rufaa huweza kwenda Tumbi, Kibaha, au Muhimbili. Mbebeni na karatasi ya vidonge na lile daftari. Mganga wa zamu akiona tarehe na dozi, hatapoteza muda kutafuta malaria peke yake.

Wenye maduka ya dawa nao nina ombi kwao. Mnamjua mteja anayekuja kila wiki kuuliza valiamu. Msimfukuze kwa kelele mbele ya watu, na msimuuzie kimyakimya. Mwiteni pembeni, mwambieni kuna njia ya kupunguza, mpelekeni kwa daktari aandikiwe. Kumnyima ghafla bila kumwelekeza ni kumwachisha ghafla, na hatari yake nimeshaieleza.

Na wewe msomaji unayetaka kuanza, kesho asubuhi toa vidonge vyako vyote ulipovificha, vihesabu, andika jina la dawa, miligramu, idadi na ni tangu lini unatumia. Mpe mtu mmoja asome ulichoandika. Kisha kipeleke kwa mganga mfawidhi wa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe umwambie unataka kupunguza kwa miezi, si kwa siku. Mpaka atakapokupa tarehe ya kuanza, endelea na dozi yako kama kawaida.